Uzi: Chama chetu Tabora kina kompyuta 3 za zamani, fundi anataka kuzipiga Windows 11 zote kwa mkupuo. Programu ya mahesabu itapona kweli?

Karani_wa_Mizani
Wakuu mwangaluka. Nipo Tabora, chama cha msingi cha wakulima, tumbaku ndo yenyewe na asali kidogo, mimi ni dada karani hapa ofisini na kitu chochote chenye waya kikileta shida naitwa mimi. Tuna kompyuta tatu. Ya kwanza Pentium 4 ina Windows XP, ndani yake kuna programu ya mahesabu na mizigo ya wakulima aliyoiandika kijana mmoja zamani akahama, ile ya skrini ya bluu maandishi meupe, mausi haifanyi kazi, unatembea kwa F2 na F10, na stakabadhi inatoa kwenye Epson LX-300 ile ya kelele, karatasi za kaboni nakala tatu. Ya pili desktopu ya mtumba i5-3470 ina Windows 7, ram wameweka 8 lakini yenyewe inaonyesha inatumia 3 na kidogo tu sijui kwanini. Ya tatu laptopu ya katibu, i5 kizazi cha 8, Windows 10.

Sasa fundi wa mjini kaja kasema Windows 10 imeshakufa, leteni zote nizipige Windows 11, jioni mnachukua. Mwenyekiti kakubali na kikao kimepitisha hela. Mimi roho haijatulia, masoko yakianza programu ikagoma nitawaambia nini wakulima? Naombeni wajuzi.

kitaa_cheyo
Nimeweka kambi hapa, na ofisini kwetu shida ni iyo iyo

Fundi_Ipuli
Dada karani usipeleke kitu kwanza. Apo una maswali matatu tofauti na fundi wako anayajibu yote kwa flashi moja.

Iyo programu ya skrini ya bluu kwa maelezo yako ni ya DOS (mfumo wa kabla ya Windows), biti 16. Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16, sio kwamba ni ngumu au inahitaji kubonyeza "compatibility mode", haiendeshi kabisa. Windows ya biti 32 ina kitu ndani kinaitwa NTVDM ambacho kinaigiza kompyuta ya DOS, na chenyewe kinategemea hali fulani ya prosesa ya kujifanya 8086 ya zamani, prosesa ikishaingia kwenye biti 64 iyo hali haipo tena kwahiyo Microsoft hawakuiweka NTVDM uko. Na Windows 11 haina toleo la biti 32, ya mwisho kuwa nalo ni Windows 10. Ukipiga 11 ukabonyeza programu yako utaona ujumbe kwamba app hii haiwezi kufanya kazi kwenye PC yako, basi, mchezo umeisha.

Nijibu vitu viwili: folda ya programu ina mafaili yanayoishia na .DBF? Na kwenye iyo i5, bonyeza kulia Computer, Properties, inasema 32 au 64?

Karani_wa_Mizani
Mkuu asante. Folda ipo C:\CHAMA, ndani kuna .EXE moja kubwa, .DBF nyingi na .NTX nyingi. Na i5 inasema 32-bit.

Fundi_Ipuli
Nilijua tu kwa iyo ram. Windows ya biti 32 inaona karibu GB 4 na hapo bado inamegewa vifaa vingine ndo maana unaona 3 na kidogo. Aliyeongeza ram bila kubadili Windows alikula hela yenu bure.

Ila kuna habari njema apo. .DBF na .NTX ni Clipper, lugha ya zamani ya kuandikia programu za DOS, na programu za Clipper nyingi zinaishi kwenye folda moja tu, haziandiki kitu kwenye rejista ya Windows kama programu za siku hizi. Kwahiyo kuihamisha ni kukopi folda. Kopi C:\CHAMA nzima weka kwenye flashi safi, kisha ibandike kwenye C ya iyo i5 kwa jina lile lile na mahali pale pale maana wengi waliandika njia ya folda humo humo ndani ya kodi. Halafu ifungue. Windows 7 ya biti 32 bado ina NTVDM. Yaani iyo kompyuta anayoidharau fundi wako ndo pekee hapo ofisini inayoweza kuchukua kazi ya XP leo leo bila kupiga chochote.

mpenda_pengwini
Windows za nini jamani mwaka huu? Iyo i5 weka Linux Mint 22, mfumo wa kukaa badala ya Windows, bure, inasapotiwa mpaka 2029, unaweka DOSBox ya kuigiza DOS ndani programu yako inakimbia, na hakuna kreki. Mimi nafundisha Urambo, mashine za shule tulizopewa msaada zote nilihamishia Mint, watoto wanachapa kazi kwenye LibreOffice na maisha yanaenda.

Fundi_Ipuli
Mwalimu nakuunga mkono kwa shule. Kwa ofisi yenye stakabadhi ngoja kwanza. DOSBox ya kawaida ilitengenezwa kwa magemu, kuprinti LPT (ule mlango mpana wa printa za zamani) haina, na ikitokea watu wawili wanafungua faili moja la DBF hainaga ule ufungaji wa rekodi wa kuaminika. Ipo DOSBox-X iyo inaprinti, na kwenye Windows ya biti 64 ipo vDos ambayo ilitengenezwa mahususi kwa programu za kazi za DOS, inatuma kwenye printa yoyote ya Windows. Vyote ni vizuri ila ni vya kujaribu na kujaribu tena kabla ya msimu, sio siku mkulima kasimama kaunta na mabelo yake.

mpenda_pengwini
Sawa nimekubali kwenye printa. Ila mkuu usiwafiche watu, ukihamia LibreOffice barua za zamani zinahama mistari kwasababu fonti za Calibri na Cambria hazipo, inaweka Carlito na Caladea badala yake, upana wa herufi ni ule ule kwahiyo nyingi zinakaa sawa, lakini yenye fonti nyingine za ajabu inavurugika. Na Excel yenye makro ndo usiguse kabisa mpaka uipime.

Kibirizi_Boy
Mwakeye wakuu, nipo Kigoma, Mwanga. Mbona mnatisha watu, mimi nina i5 ya kizazi cha 3 kama iyo na nimeipiga Windows 11 kwa Rufus, programu ya kutengeneza flashi ya kupigia Windows, ukitengeneza flashi inakuuliza uondoe masharti ya TPM (chipu ya usalama) na Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka), unatiki, inapiga vizuri tu. Steshenari yangu inaenda, naprinti, naskani, sijaona shida.

Fundi_Ipuli
Kibirizi inakubali, sibishi. i5-3470 ina amri za prosesa za SSE4.2 na POPCNT ambazo toleo la 24H2 la Windows 11 linazidai kwa lazima, wenye prosesa za zamani za Core 2 Duo ndo wamefungiwa mlango kabisa, hata Rufus haiwasaidii. Ila sema na upande wa pili: apdeti za kila mwezi zinaingia ndio, lakini toleo jipya la mwaka halikufikii lenyewe, unarudi kushusha ISO (faili la Windows nzima) ya GB 5 na zaidi na kulazimisha upya, na Microsoft wameshasema mashine isiyokidhi hawaahidi kitu. Steshenari yako ni ya kwako, ukikwama unafunga mlango unatengeneza. Dada ana vitabu vya wakulima.

Kibirizi_Boy
Apo kwenye bando umenigusa 😂 nashusha usiku tu, mchana siwezi. Na kwa wanaoanza, flashi ya FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, ndo maana watu wanakopi ISO kwa mkono inagoma katikati. Rufus inajipangia yenyewe NTFS.

Kitu kingine, skana. Nilikuwa na skana ya zamani nzuri kabisa, nilipotoka 32 kwenda 64 ikawa bati. Draiva ya biti 32 haikubali kwenye 64 hata uimbie, na waliotengeneza hawakutoa nyingine. Programu za biti 32 zenyewe zinakubali kwenye 64, shida ni draiva tu. Nilikuja kupona kwa VueScan, ya kulipia, ila ina draiva zake yenyewe.

Mzee_wa_Stesheni
Vijana nimewasoma. Mimi nimestaafu, nilikaa na kompyuta za ofisi toka enzi za disketi. Karani mwanangu, kabla ya yote mmeuliza iyo Pentium 4 ina hali gani? Diski ya umri huo inakufa bila barua. Hata mkiamua kutobadili chochote, iyo folda ya CHAMA leo iwe sehemu tatu: kwenye flashi, kwenye laptopu ya katibu, na nyingine itoke nje ya jengo. Na muikopi programu ikiwa imefungwa, Clipper ikiwa wazi unaweza kukopi DBF ambayo nusu ya rekodi bado ipo kwenye kumbukumbu.

Karani_wa_Mizani
Shikamoo mzee. Nimefanya, nimekopi wote wakiwa wametoka. Na nimeibandika kwenye i5 kama Fundi Ipuli alivyosema, IMEFUNGUKA jamani, wakulima wote wapo, madeni ya pembejeo yapo. Ila imefunguka kwenye kadirisha kadogo, nikibonyeza Alt+Enter ijae skrini inasema haisapoti fullscreen. Na kuprinti imegoma, naona inasubiri tu. Printa nimeiunga kwa ule waya wa kubadilisha kwenda USB maana nyuma ya i5 hakuna ule mlango mpana.

Mzee_wa_Stesheni
Marahaba.

Fundi_Ipuli
Safi sana. Fullscreen ya DOS iliondoka na madraiva mapya ya skrini toka Vista, usihangaike nayo, bonyeza kulia juu ya dirisha, Properties, Font, chagua kubwa, litakuwa kubwa la kutosha macho ya mtu mzima.

Printa sasa. Programu yako inaandika moja kwa moja LPT1, haijui kitu kinaitwa USB kwasababu ni ya DOS. Waya wa USB unaonekana kwenye Windows kama USB001, kwahiyo stakabadhi inatumwa kwenye mlango ambao haupo. Fanya ivi, kwenye Devices and Printers weka LX-300 iprinti ukurasa wa majaribio kwanza, ukitoka vizuri ishee kwa jina fupi bila nafasi, tuseme LX. Kisha fungua cmd andika

net use LPT1: \\jina-la-kompyuta\LX /persistent:yes

Jina la kompyuta ni lile lililopo kwenye Properties. Kuanzia apo kila kinachotumwa LPT1 Windows inakidaka inakipeleka USB. Ikikataa hakikisha kebo ya netiweki imechomekwa hata kwenye swichi isiyo na intaneti, mara nyingine kadi ya netiweki ikilala na huo ujanja unalala.

Na fungua C:\Windows\System32\config.nt uangalie mstari wa FILES=, ukiwa mdogo programu itakuja kulalamika imefungua mafaili mengi, weka hata 120.

kitaa_cheyo
Daah huu uzi uwekwe kwenye fremu. Swali, kwanini asiunge tu XP na laptopu kwa netiweki afanye kazi kote? Mimi nilijaribu kwetu XP haionekani kabisa kwenye Windows 10

Fundi_Ipuli
Haionekani kwasababu XP inaongea SMB1 tu kwenye kushea folda, na Windows 10 toka toleo la 1709 mwishoni mwa 2017 ukiipiga upya haiji na SMB1. Unaweza kuiwasha kwenye Windows Features ila kumbuka walifunga kwanini: kirusi cha WannaCry, Mei 2017, ilipita uko uko kwenye SMB1 ikafunga mafaili ya watu dunia nzima, na marekebisho yalikuwa yameshatoka Machi, watu hawakuwa wameapdeti. Mimi siiwashi ofisini kwa mteja. Hamisha kwa flashi, flashi moja ya kazi hiyo tu, isiende steshenari ikarudi na virusi vya shotikati.

Mama_Kaloleni
Nami nichangie kidogo, mimi ni mhasibu. Dada karani, mkaguzi akija atataka Excel, usiprinti kitabu kizima kwenye LX-300 mkakesha. Faili za DBF zinafunguka moja kwa moja kwenye Excel na kwenye LibreOffice Calc. Chukua KOPI, sio ile ya kazini, fungua, hifadhi kama xlsx. Usije ukafungua DBF yenyewe ukaedit humo, zile NTX ni faharasa, ukibadili rekodi kwa nje faharasa haijui na programu itaanza kukupa mkulima huyu kwa jina la yule.

Angalia na tarehe. Programu za Clipper zenye mwaka wa tarakimu mbili, kama mwandishi hakuweka SET EPOCH, ukiandika 26 yeye anaandika 1926. Kwenye skrini utaona sawa tu, ukija Excel ndo unakuta mkulima amekopa pembejeo enzi za Mwingereza.

Karani_wa_Mizani
Mama shikamoo, nimeangalia, mwaka upo 2000 na kuendelea, kijana alifikiria. Na stakabadhi IMETOKA kwenye LX-300!! nakala zote tatu. Katibu kaja kuangalia kelele za nini.

Sasa laptopu yake. PC Health Check inasema haikidhi, TPM haionekani, na yeye anataka 11. Ni kweli Windows 10 imekufa?

Fundi_Ipuli
Haijafa, imeachwa. Sapoti iliisha 14 Oktoba 2025, itawaka na kufanya kazi, ila matundu yakigundulika hayazibwi. Ipo apdeti ya ziada, ESU, kwa mtu binafsi mpaka 13 Oktoba 2026, unapata kwa dola 30 au pointi 1000 za Microsoft Rewards au bure ukikubali kusinki mipangilio na akaunti ya Microsoft, sharti uwe kwenye 22H2, toleo la mwisho la Windows 10. Lakini iyo ni ya mtu binafsi, ya taasisi ni dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza na bei inakuwa mara mbili kila mwaka. Kwa laptopu ya kizazi cha 8 usilipe, iyo inakubalika 11 kihalali.

TPM ipo ila imezimwa. Kabla hujaingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka), andika BitLocker (kufuli la diski la Windows) kwenye kutafuta uone kama diski imefungwa, ikiwa imefungwa sitisha kwanza na hifadhi ule ufunguo wa tarakimu 48, la sivyo ukibadili kitu BIOS itakudai ufunguo na katibu atakuangalia wewe. Kisha BIOS, kwenye Intel tafuta PTT, ndo TPM yao, washa. Rudi Windows andika tpm.msc, isome 2.0.

Halafu angalia Disk Management kama diski ni MBR (mpangilio wa zamani) au GPT (mpya). Wengi waliopigiwa Windows mtaani ni MBR kwasababu fundi aliweka Legacy, njia ya zamani ya kuwasha mashine, mpya ndo UEFI. Ukiwasha UEFI juu ya MBR laptopu haitawaka. Usifute, fungua cmd kama admini, mbr2gpt /validate /allowfullOS, ikikubali mbr2gpt /convert /allowfullOS, ndo uende BIOS ubadili kuwa UEFI na Secure Boot. Bakapu kwanza, naandika tena, bakapu kwanza.

Ukishapandisha kutoka 10 kwenda 11 mafaili na programu zinabaki, na una siku 10 za kurudi nyuma kwenye Settings, baada ya apo folda ya Windows.old inafutwa. Kwahiyo jaribu kila kitu ndani ya iyo wiki, printa, saini za benki, kila kitu.

Kibirizi_Boy
Na leseni? Maana wengi tunatumia za kuchakachua

Fundi_Ipuli
Kama 10 imeamilishwa kihalali 11 inaikuta, leseni imekaa kwenye ubao wa mashine. Ile janja ya kuweka ufunguo wa Windows 7 kwenye 10 waliifunga Septemba 2023. Kreki sijadili kwenye mashine yenye akaunti ya benki ya wakulima.

mpenda_pengwini
Na mimi ndo nasemaga apa, Mint haina kreki 🐧

Karani_wa_Mizani
Mmenisaidia wakuu. Nimeongea na mwenyekiti: laptopu inapandishwa 11, i5 inabaki Windows 7 biti 32 na programu na LX-300, intaneti natoa kabisa, mambo ya barua pepe yote kwenye laptopu. XP tunaizima lakini hatuifuti mpaka msimu uishe. Hela ya fundi iliyobaki nimeomba tununue UPS na yule mtu wa kutuandikia programu mpya tumtafute baada ya masoko.

Mzee_wa_Stesheni
Mkimpata huyo wa programu mpya, mkataba useme kodi ni mali ya chama. Na mfanye kwa pamoja, ya zamani na mpya sambamba msimu mzima, jumla zikilingana ndo muiache ya zamani.

Fundi_Ipuli
Mzee kamaliza. Dada iyo i5 Windows 7 iliachwa toka 14 Januari 2020, kwahiyo ukisema bila intaneti iwe bila intaneti kweli, usije ukasikia mtu "kachungulia" kwa hotspoti ya simu.

Karani_wa_Mizani
Katibu keshaomba paswedi ya hotspoti. Nimemwambia bando limeisha.

kitaa_cheyo
Nyie wa Tabora mjini ribini za LX-300 mnanunua wapi siku hizi? Yangu imekuwa ya kijivu